"Dokta, Sina Data": Dhana Zinazowanyima Watafiti wa Idadi ya Watu Mikutano na Ufadhili

Likitoka tangazo la mkutano wa idadi ya watu, nawatumia wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na jibu nalijua kabla halijaja: "Dokta, ningeomba, ila sina data. Sijaenda fildi bado." Hivyo mkutano wa Afrika wa Lilongwe 2024 ukapita, na ule wa dunia wa Brisbane 2025 ukapita. Huo wa dunia, wa IUSSP (umoja wa kimataifa wa watafiti wa idadi ya watu), hufanyika kila baada ya miaka minne, kwa hiyo anayengoja fedha za fildi anaweza kuhitimu bila kuhudhuria hata mmoja.

Jamani, demografia inaishi kwa data zilizokusanywa na wengine. Unataka kuhoji wasichana 200 wa kata moja kuhusu mimba za utotoni, wakati TDHS (utafiti wa taifa wa Tanzania wa afya na uzazi) ya 2022 ilihoji wanawake zaidi ya 15,000 nchi nzima. IPUMS, hifadhi ya data ya Chuo Kikuu cha Minnesota, inatoa bure sampuli za sensa za Tanzania za 1988, 2002 na 2012, na za Kenya kuanzia 1969 hadi 2009. Maktaba ya data ya Benki ya Dunia ina NPS, utafiti unaofuatilia kaya za Tanzania tangu 2008/09. Ni kweli DHS, mpango wa kimataifa ambao TDHS ni sehemu yake, iliyumba mwaka 2025 Marekani ilipokata fedha za USAID, shirika lake la misaada, na wengi wakapata kisingizio kipya. Hizo nyingine je, mmeshazifungua?

Utaratibu ninaowalazimisha wanafunzi wangu ni huu. Fungua faili la wanawake la DHS, chukua v005 (safu ya uzito wa sampuli, yaani kila aliyehojiwa ahesabiwe kwa kiasi gani), gawa kwa 1,000,000, huo ndio uzito wako. Ukiusahau, Zanzibar, ambako sampuli huchukuliwa kubwa kuliko uwiano wake, itavuta wastani wa taifa zima, na mpitiaji makini wa maombi ya mkutano ataliona hilo mara moja. Kisha jedwali lako la kwanza lirudie namba ambayo tayari imo kwenye ripoti. Mwaka 2022, asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Hujaipata 22? Usiandike hata sentensi moja, rudi kwenye msimbo wako wa kompyuta (code).

Sisemi fildi haina kazi. Maeneo ya DHS kwenye ramani husogezwa makusudi hadi kilomita 2 mjini na 5 vijijini (machache ya vijijini hadi 10) ili kulinda siri za waliohojiwa, basi usithubutu kuitumia kueleza kijiji chenu. Na swali la kwa nini bibi ndiye anayeamua binti aolewe lini, hilo linahitaji kukaa na watu, pamoja na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) mkononi. Ila ikisiri ya kwanza, yaani muhtasari wa utafiti unaoombea nafasi mkutanoni, haihitaji vyote hivyo.

"Bila kujuana hupati." Kujuana kupo, sikatai. Lakini ikisiri nyingi ninazoletewa nizisome zinajiua zenyewe kwa sentensi ya mwisho: "Matokeo na mapendekezo yatajadiliwa." Mpitiaji akupe nafasi kwa lipi? Weka data gani, mbinu gani, na walau namba moja uliyoipata.

"Nimealikwa kutoa mada Dubai!" Barua pepe inakusifu kuwa mtaalamu mashuhuri, inataka ada wiki hii, na mkutano huo huo unahusu demografia, meno na nishati ya jua. Wewe wa mwaka wa kwanza wa uzamivu wamekujulia wapi? Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru OMICS, kampuni ya majarida na mikutano, kulipa zaidi ya dola milioni 50, na miongoni mwa makosa yake ni kutangaza wazungumzaji wa mikutano ambao hawakuwa wamekubali kuja. Futa.

"Nitaomba nauli nikishakubaliwa." Mara nyingi ombi la nauli limo kwenye fomu ile ile ya ikisiri, na ukiliruka hurudi nyuma. Ufadhili wa masomo nao una masharti yake: CARTA, mpango wa Afrika wa kufadhili uzamivu, kwa mfano, inalenga wafanyakazi wa vyuo na taasisi wanachama, kwa hiyo soma nani anastahili kabla hujakesha unaandika.

Wanaoutaka mkutano wa PAA, chama cha wanademografia cha Marekani, wajue kwamba ikisiri kwa kawaida hufungwa Septemba kwa mkutano wa mwaka unaofuata. Miezi ya katikati ni ya viza, na pasipoti iwe tayari kabla ya hapo.