Mzima wa kipimajoto, mgonjwa wa majibu hasi

Mwaka 2020 tulisimama foleni kwenye milango ya maduka na benki, bawabu akatuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, akasoma 36.4, akasema, "Pita." Tukaingia na uhakika kwamba kila aliyepita mlango ule ni mzima. Simlaumu bawabu. Kipimajoto kinapima joto, na wengi waliobeba korona hawakuwa na homa. Lakini dhana tulizozichukua pale mlangoni tunatembea nazo hadi leo, na zimewaumiza watu ninaowapenda.

"Asiye na dalili hana ugonjwa"

Jibu liko kwenye damu. Kati ya Aprili na Juni 2020, watafiti wa KEMRI-Wellcome, mpango wa utafiti wa afya nchini Kenya, walipima sampuli zaidi ya 3,000 za damu iliyochangwa sehemu mbalimbali za Kenya. Mwenye homa hakubaliwi kuchangia damu, kwa hiyo hawa walikuwa watu waliokunja mkono wa shati wakijiona wazima. Hata hivyo, baadhi yao walikuwa na kingamwili za korona, alama kwamba kirusi kilishapita. Makadirio yalikuwa watu 4 hivi kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 nchini, na Mombasa 8. Kufikia mwisho wa Juni serikali ilikuwa imethibitisha wagonjwa wasiofika 7,000 nchi nzima. Wapo walioumwa kidogo wakadhani ni mafua, na wapo ambao hawakuhisi kitu. Tulikula nao, tukapanda nao matatu.

"WHO wenyewe walisema asiye na dalili haambukizi"

Hii ina asili yake, na wanaoirudia si waongo. Tarehe 8 Juni 2020 Maria Van Kerkhove, mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), alisema maambukizi kutoka kwa wasio na dalili yanaonekana kuwa nadra sana. Kesho yake akafafanua kwamba alitegemea tafiti chache, na swali lenyewe lilikuwa bado halijajibiwa. Kauli ya kwanza ilikuwa imeshasambaa.

Kilichotuchanganya ni watu wa aina mbili kuitwa jina moja. Yupo ambaye hataona dalili mwanzo hadi mwisho. Huyu naye huambukiza, ingawa kwa kawaida si sana kama anayeumwa. Na yupo ambaye dalili zake ziko njiani: leo mzima, keshokutwa kitandani. Huyu wa pili ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Ndiyo maana barakoa ilivaliwa na wote. Ukingoja mtu akohoe ndipo ujihadhari, umechelewa.

"Majibu yametoka hasi, basi umepona"

Mama mdogo wangu hukaanga mahamri alfajiri, Mombasa. Mwaka 2021 aliumwa korona wiki moja, wala hakulazwa. Kipimo cha pili kikatoka hasi, tukashukuru, akarudi jikoni. Asubuhi ya kwanza akaniita: "Mwanangu, njoo uninusie iliki, mimi sisikii harufu." Miezi mitano baadaye pua ilikuwa inarudi, lakini mikono haimtii. Zamani alikanda unga kilo nne bila kupumzika; sasa kilo moja ilimkalisha chini, moyo ukimwenda mbio, na siku aliyojilazimisha aliilipa kesho yake kitandani. Zahanati walimwambia vipimo viko sawa. Majirani wakasema amekuwa mvivu, na hilo ndilo lililomliza.

Kipimo kinatafuta kirusi. Hakitafuti kirusi kilivunja nini kilipopita. Hata upande wa pili kinaweza kutupoteza. Korea Kusini mwaka 2020 kuna waliopona wakapimwa wakatoka chanya tena, na uchunguzi ukaonyesha ni mabaki ya virusi vilivyokwisha kufa.

Hali ya mama mdogo inatambulika, na huitwa korona ya muda mrefu (long COVID). Wagonjwa wenyewe ndio waliotangulia kuipigia kelele mwaka 2020, na Oktoba 2021 WHO ikaieleza rasmi: dalili ambazo mtu bado anazo miezi mitatu baada ya kuugua, zilizodumu angalau miezi miwili, na zisizo na sababu nyingine. WHO inakadiria kwamba huwapata watu 6 hivi kati ya kila 100 wanaougua korona. Wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyokwenda. Inaweza kumpata hata aliyeumwa kidogo tu. Chanjo hupunguza uwezekano huo.

"Basi kila uchovu ni korona"

Hapana. Kisukari, upungufu wa damu na kifua kikuu navyo huchosha, na vina tiba yake, kwa hiyo vipimwe kwanza. Anayeumwa kifua au kushindwa kupumua aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mama mdogo sasa hukanda nusu kilo, akakaa kwenye kigoda kabla hajachoka, ndipo akaanza nusu nyingine. Harufu imerudi, ila si yote. Iliki bado ananipa ninuse kwanza.