Nani kakwambia kichwa kiwe kitupu?

Juzi usiku nimetumiwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu na nusu. Dada wa watu analalamika kwamba amejaribu tahajudi ninayofundisha, yaani meditation, wiki nzima, imemshinda. "Mwalimu, nikifumba macho tu mawazo yanakuja kama siafu. Kichwa changu hakikubali kuwa kitupu. Halafu muda wenyewe wa kukaa sina." Nikahesabu: huyu ni wa nne mwezi huu. Basi naandika leo, na wa tano akija nitamtumia hii.

Kichwa kitupu hana mtu, labda maiti. Mwaka 2010 wanasaikolojia Killingsworth na Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wa watu 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu, saa yoyote ya siku, wanafanya nini na akili yao iko wapi. Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa imeshaondoka kwenye kile mikono ilichokuwa ikifanya. Karibu nusu! Na wewe unataka yako itulie kwa wiki moja.

Zoezi lenyewe ni fupi kulieleza. Chagua kitu kimoja: pumzi puani, sauti, nyayo sakafuni. Kaa nacho. Akili itatoroka. Ukishtuka kwamba imetoroka, irudishe bila kujitukana. Itatoroka tena. Hapo kwenye kushtuka ndipo kazi ilipo. Aliyetoroka mara thelathini akarudi mara thelathini amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyesinzia dakika kumi, akaamka akaniambia "leo nilitulia kweli". Ulikuwa unakoroma, kaka.

Sehemu ya lawama naitupia lugha. Magazeti yanaandika "kutafakari", na mtu mzima akiambiwa atafakari anafanya kama neno linavyosema: anakaa chini, anapanga kodi ya nyumba, anarudia ugomvi wa shemeji, anainuka na kichwa kizito kuliko alivyokaa. Ametafakari, hajakosea. Ila tahajudi sicho hicho. Na tahajudi nayo ina mambo yake, maana kila darasa jipya yupo Mwislamu anayeniuliza kwa adabu kama ninawafundisha sala ya usiku. Nikisema taamuli, nusu ya darasa hawajawahi kulisikia, na nusu nyingine wanarudi kulekule kwenye kufikiri kwa kina. Kwa hiyo najibana na tahajudi, na kila mara naeleza upya: hapa hatutatui jambo. Wazo likija, hata likiwa zuri, hata likiwa la biashara, liache lipite. Kama ni la maana utalikuta baadaye. (Hili la wazo la biashara ndilo linalowauma watu zaidi. Wanafungua jicho moja, wanaandika kwenye simu.)

Sasa "sina muda". Kwa miaka nimelipokea jibu hili kama lilivyo, mpaka nikagundua kwamba mara nyingi ni lilelile la kichwa kitupu limevaa kanga nyingine. Mtu anayeamini lazima mawazo yaishe, lazima pia ataamini anahitaji chumba kimya, mshumaa, na saa nzima watoto wakiwa kwa bibi. Saa hiyo haipo Mbagala, haipo popote. Ukiondoa sharti la utupu, masharti mengine yanaanguka yenyewe.

Nina mwanafunzi mmoja, mama wa vitumbua. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri kukinga maji bomba la uani, ndoo sita za lita ishirini, na bomba lenyewe linatiririka kwa huruma, kama dakika nne kila ndoo. Nikamwuliza, ndoo ikiwa inajaa unafanya nini? "Naperuzi simu." Nikamwambia kwa ndoo ya kwanza tu, simu ibaki ndani. Sikiliza maji. Mwanzoni yanapiga kitako cha plastiki kama ngoma. Kitako kikifunikwa, sauti inabadilika, na kadiri maji yanavyopanda na hewa inavyopungua ndani ya ndoo, inazidi kuwa nyembamba, inapanda kidogo kidogo mpaka ukingoni. Ukiwa makini unajua imebaki viganja vingapi bila kutazama. Ndoo moja tu, hizo tano nyingine peruzi upendavyo.

Wengine nawapa zoezi la ndani ya basi la mwendokasi: ukisimama umeshika bomba la juu, sikia uzito unavyohama mguu hadi mguu kuanzia kituo kimoja mpaka kinachofuata. Macho wazi, pochi mbele. Dereva wa bodaboda simpi kitu akiwa barabarani, nampa kijiweni.

Lakini msinielewe vibaya, maana kundi la pili linaniudhi kuliko la kwanza. Ni wale wa "mimi mwalimu nikiosha vyombo, nikipika, maisha yangu yote ni tahajudi". Hapana. Unaosha vyombo. Ukiosha huku umeamua kwamba kitu chako ni joto la maji mkononi, na ukishtuka uko kwenye mkopo wa kikundi unarudi kwenye joto la maji, sawa, hiyo ni tahajudi. Bila uamuzi wa mwanzo na bila kurudi, ni sufuria tu. Kupumzika ni kuzuri, kuimba ni kuzuri, ila tusiyaite yote jina moja.

Na mimi nina wasiwasi wangu. Ile programu ya tahajudi ya wiki 8 ambayo Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliianzisha Massachusetts mwaka 1979, ambayo tafiti nyingi zimeipima, inamtaka mtu afanye zoezi nyumbani kama dakika 45 kwa siku. Nikichukua matokeo yake nikayabandika kwenye ndoo ya dakika nne, najidanganya na ninawadanganya. Mwaka 2014 mapitio ya majaribio 47 yalikuta nafuu ndogo hadi ya wastani kwa wasiwasi, sonona na maumivu, lakini hayakukuta ushahidi kwamba tahajudi inazidi mazoezi ya mwili. Ukipenda kukimbia, kakimbie. Tena wapo ambao kufumba macho kunawaharibu, hasa waliotoka kwenye msiba au jambo baya. Zamani nilikuwa nawaambia wavumilie. Nilikosea. Siku hizi nawaambia wafumbue macho, washike kikombe cha moto, au waache kabisa.

Mama wa vitumbua bado anaendelea. Wiki iliyopita kaniambia ndoo ilimwagika. Nikafurahi, nikamwuliza, "Ulikuwa umezama kwenye sauti?"

"Hapana mwalimu, nilikuwa nawaza ada. Nimeshtuka maji yamenifika miguuni."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunga bomba, nikaweka ndoo nyingine, nikaanza kusikiliza tena."