Je, wajua kwa nini mtafiti wa sumukuvu anamhitaji mwanafunzi anayechora katuni?

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu karibu 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Si kwamba sumu hiyo ilikuwa ngeni kwa wanasayansi. Wanaifahamu tangu miaka ya 1960. Hutengenezwa na kuvu, hasa ile iitwayo Aspergillus flavus, inayoota kwenye mahindi na karanga zilizopigwa na ukame shambani au zilizowekwa ghalani kabla hazijakauka. Moto wa kusongea ugali hauiondoi. Ikiingia mwilini kwa wingi huua ini kwa muda mfupi. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huweza kuleta saratani ya ini.

Yote hayo yameandikwa, tena vizuri, lakini kwa Kiingereza na katika majarida ambayo mama anayepukuchua mahindi kule Kongwa hatayafungua maishani mwake. Ili kuziba mapengo ya aina hii, baadhi ya vyuo vya Marekani na Uingereza vimekuwa vikimkutanisha mwanafunzi wa uchoraji wa katuni na mwanasayansi mmoja, wakae pamoja hadi utafiti ugeuke kurasa za picha.

Wengi hudhani kazi ya mchoraji hapo ni kupamba kilichokwisha kuandikwa. Sivyo. Sentensi huweza kuficha pengo, mchoro hauwezi. Mtafiti akiandika "mahindi yakaushwe ipasavyo kabla ya kuhifadhiwa", hakuna atakayemuuliza. Mwanafunzi aliyeshika penseli atamuuliza: yakaushwe juu ya nini? Na nani? Huyo mkulima asiye na kipimo atajuaje kwamba sasa yamekauka?

Ndipo majibu yanapotoka. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, kwa kuwa mbegu za kuvu zimejaa ardhini. Unyevu ushuke hadi asilimia 13 au chini yake. Asiye na kipimo atafute chupa kavu ya kioo, atie chumvi kavu kidogo na konzi ya mahindi, afunge, atikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Ikishuka yote chini, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi: yamekaribia, yaanikwe kidogo zaidi ndipo yaende ghalani. Maelezo hayo yanatosha visanduku vinne: mkono unamimina chumvi, mkono unatikisa, chupa imewekwa kivulini, na mwisho chupa mbili zimesimama bega kwa bega, moja kuta zake nyeupe, nyingine safi. Mkulima akiiona hiyo picha ya mwisho mara moja tu, hahitaji kuambiwa asilimia.

Mchoraji naye anahitaji kushikwa mkono. Mwanafunzi yeyote mwenye kipaji atataka kuichora sumukuvu kama dude la kijani lenye meno, na litapendeza. Lakini punje inaweza kubeba sumu huku ikionekana safi kabisa. Msomaji aliyelizoea lile dude atachambua debe lake akitafuta ukijani, asiuone, aende mashineni akasage kwa amani. Kwangu mimi, hapa ndipo kukaa meza moja kunapokuwa na thamani kubwa kuliko kutumiana rasimu: mtafiti anauzuia mchoro kabla haujakamilika, na wawili hao wanatafuta jinsi ya kuchora kitu kisichoonekana.

Kwa nini mwanafunzi, asiwe mchoraji mkongwe? Mkongwe angefaa pia. Ila mwanafunzi haoni haya kuuliza swali la msingi, na akiwa ametoka Chemba au Mpwapwa anajua kihenge cha nyumbani kwao kinavyokaa na nani hasa hushika ungo.

Dodoma ina watu wa kazi hii. Kuna Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, kuna vituo vya utafiti wa kilimo vya Makutupora na Hombolo, na Kibaigwa kuna soko kubwa la mahindi ambako rasimu inaweza kupelekwa kabla ya kuchapishwa. Kuijaribu ni rahisi: funika maneno yote kwa karatasi, mpe mpakiaji au muuzaji, mwombe akusimulie kinachoendelea kwenye picha. Kisanduku anachokwama ndicho mtafiti na mchoraji warudi kukichora upya.