Miaka 99 na umiliki wa kudumu: hati yako ya ardhi inasema nini

Ukishika hati ya kiwanja nchini Kenya, usianze na ramani. Tafuta mstari unaotaja muda. Hati nyingine hazitaji mwisho wowote; nyingine zinasema miaka 99 kuanzia tarehe fulani. Mgawanyo huo ulikuja na sheria za Waingereza.

Hati isiyo na mwisho ni ya umiliki wa kudumu, ambao wengi huuita friholdi. Unauza, unagawa, unarithisha, wala hakuna anayengoja ardhi imrudie. Serikali inaweza kuitwaa kwa manufaa ya umma, lakini sharti ikulipe fidia.

Hati yenye miaka ni ya kukodi. Nyuma yako yuko mwenye ardhi, mara nyingi serikali, naye unamlipa kodi ya ardhi kila mwaka. Muda ukiisha, ardhi inamrudia pamoja na nyumba uliyoijenga. Kwa hiyo soma tarehe ya kuanza: miaka 99 iliyohesabiwa tangu 1951 inakwisha 2050. Anayenunua kiwanja hicho leo ananunua miaka iliyosalia tu, hata muuzaji akitaja 99 mara kumi.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwapa walowezi hadi miaka 99. Wakataka zaidi, na mwaka 1915 muda wa mashamba ukafikishwa 999. Shamba lililokodishwa mwaka huo lingerudi 2914! Kwangu mimi hiyo ni milele iliyovikwa nambari. Na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba Waafrika, waliolima ardhi hiyohiyo tangu mababu, ni wapangaji tu wa mfalme wa Uingereza, wa kuondolewa apendapo. Dhuluma ile iliandikwa kwa lugha ya sheria, tena kwa mwandiko safi.

Katiba ya 2010 ilikata mzizi huo kwa wasio raia: hawawezi kushika ardhi zaidi ya miaka 99. Friholdi zao zikageuzwa kuwa za kukodi, kwa malipo ya jina tu, yale ambayo sheria ya Kiingereza huyaita kodi ya punje ya pilipili manga.

Raia ambaye miaka yake imekwisha ana nafasi ya kwanza ya kupewa tena ardhi hiyo chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mradi serikali haiihitaji kwa matumizi ya umma. Ombi lipelekeni mapema, miaka ikiwa bado imebaki.