Shamba la mchanganyiko sio kilimo cha kimaskini

Wengi tumekua tukiamini shamba lenye faida ni la zao moja, na ukichanganya migomba, kahawa, miti na ng'ombe wa ndani basi hiyo ni ya kujikimu tu. Inaeleweka, maana ukipima zao moja moja kweli lile la peke yake mara nyingi linatoa gunia nyingi.

Ila shamba zima ndo linatakiwa kuhesabiwa. Chukua kihamba cha Kilimanjaro, yani shamba la mchanganyiko linalozunguka nyumba ya Mchagga: mgomba unaipa kahawa kivuli, majani yake yanaenda kwa ng'ombe, samadi inarudi shambani, kwa hiyo hela ya mbolea inapungua. Na 1989 makubaliano ya nchi mbalimbali ya kugawana kiasi cha kahawa cha kuuza nje yalipovunjika, bei ikaanguka vibaya, mwenye ndizi na maziwa alikua bado ana cha kula na cha kupeleka sokoni.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Tuseme eka ya mahindi tupu inakupa gunia 10, ya maharage tupu gunia 4, ukichanganya kwenye eka moja unapata 7 za mahindi na 2 za maharage: 7 kwa 10 ni 0.7, 2 kwa 4 ni 0.5, jumla 1.2, yani ungehitaji eka 1.2 kupata hivyohivyo kwa kutenganisha. Jumla hiyo ikishuka chini ya 1 mchanganyiko wako haulipi. Alafu andika kwenye daftari vibarua pia, kuchanganya kunakula mikono, na maziwa mnayokunywa nyumbani yaandike kwa bei ya dukani.