Seli nyeupe zimepanda, eti kinga iko juu?

Majibu ya damu ya mgonjwa wa saratani ya kongosho yakitoka, macho ya ndugu yanakimbilia mstari wa seli nyeupe, wanakuta 12,000 wakati kawaida ni kama 4,000 mpaka 11,000, halafu wanashusha pumzi: afadhali, mwili unapambana. Aisee, hapo ndo watu wengi wanapigwa chenga.

Seli nyeupe si kitu kimoja. Kuna nyutrofili, hawa wa kukimbilia bakteria, na kuna limfositi, ambamo ndo zimo seli T zinazoweza kuua seli ya saratani. Sasa uvimbe wa kongosho una ujanja wake, unamwaga kemikali zinazofika mpaka kwenye uboho, kile kiwanda cha damu ndani ya mifupa, na kuuambia utoe nyutrofili na seli changa za ukoo huohuo, nyingine zikishatoka kazi yao inakuwa kuzizuia seli T zisifanye kitu. Kwa hiyo namba imepanda kweli, ila waliojazana sio wale uliokuwa unawategemea.

Ndo maana madaktari wanapenda kugawanya, nyutrofili kwa limfositi. Nyutrofili 9,000 na limfositi 1,000 unapata 9, wakati mtu mwenye afya huwa anacheza kwenye 1 mpaka 3. Tafiti nyingi zimeona wenye namba kubwa huwa wanaishi muda mfupi zaidi, lakini usikimbilie kulia, kwa sababu maambukizi kwenye mrija wa nyongo yanaipandisha, na deksamethasoni ile wanayopewa kabla ya kemo kuzuia kutapika nayo inaipandisha, tena ndani ya saa chache tu. Muulize daktari damu ilitolewa lini.

Na wale wa "damu yake iko safi, hana kansa"? Picha ya damu, yaani ile hesabu ya seli za damu, inaweza kuwa safi kabisa na uvimbe upo. Hata CA 19-9, alama inayopimwa kwenye damu kufuatilia saratani hii na wala si seli ya kinga, kuna watu miili yao haiitengenezi kabisa.

Halafu vidonge vya kuongeza kinga, hivi vinanichosha. Shida hapa sio upungufu wa kinga wa kujazia na kopo la vitamini, seli T zipo ila zimechoka, zimezuiwa, na uvimbe wenyewe umejizungushia tishu ngumu kama ukuta. Hata zile dawa za kuamsha kinga zilizobadilisha mambo kwenye saratani ya ngozi, huku zinasaidia wachache mno, karibu mmoja kwa mia, wenye hitilafu fulani ya kurekebisha DNA.

Ila kusema kinga haiwezi kabisa kuitambua saratani hii, hapana, nako ni kupotoka. Mwaka 2023 watafiti wa New York walitoa matokeo ya chanjo ya mRNA iliyotengenezwa kwa kila mgonjwa kivyake baada ya upasuaji, wagonjwa 16 tu, lakini 8 kati yao wakatoa seli T mpya zinazoujua uvimbe wao, na zilionekana kwenye damu. Wagonjwa 16 ni wachache, sawa. Ila kinachonifurahisha ni kwamba picha ya kawaida ya damu isingekuonyesha lolote, ingeziandika tu "limfositi", mstari uleule ambao hakuna aliyekuwa anauangalia.