Kukata bondi hakutoi nishati, jamani

Nimesahihisha rundo jingine la majibu, na nimekutana tena na sentensi ileile kuhusu ATP, molekuli ambayo seli huitumia kuendeshea kazi zake: "ATP huhifadhi nishati katika bondi ya fosfeti ya mwisho, bondi ikikatika, nishati hutoka." Wino mwekundu umeniishia. Na aliyeandika wala simlaumu, amemeza alichomezeshwa.

Kukata bondi, yaani kiungo kinachoshikanisha atomi, hugharimu nishati. Daima. Sumaku mbili zilizonatana hazikupi kitu ukizitenganisha, wewe ndiye unayetoka jasho. Nishati hutoka bondi zinapofungwa. Kwenye kemia sote tunalijua hili. Tukivuka mlango wa biolojia tunalivua kama viatu.

ATP je? Bondi moja hukatwa kwa gharama, nyingine hufungwa kati ya fosfeti na maji, na ADP (ATP iliyopoteza fosfeti moja) na fosfeti zinazobaki zimetulia kuliko vilivyoanza. Fosfeti tatu zilizopangwa mkia kwa kichwa zina chaji hasi zinazosukumana, zikiachana msukumano hupungua. Fosfeti iliyo huru huzitandaza elektroni zake vizuri zaidi, na maji huikumbatia vizuri zaidi. Vitabu huorodhesha sababu hizi kana kwamba zilishapimwa kwenye mizani. Wanakemia bado wanabishana ipi ina uzito zaidi, nami nimeshabadilisha msimamo mara mbili.

Lakini kinachonikera hasa ni hiki. Zile kilojuli 30.5 kwa moli mnazokariri, kwamba ndizo ATP hutoa ikigeuka ADP, ni za hali sanifu, yaani viwango maalumu vilivyowekwa kwa ajili ya vipimo, na hakuna seli inayoishi katika hali sanifu. Ndani ya seli ni karibu 50, kwa sababu seli huilazimisha ATP iwe nyingi mno kuliko ambavyo ingekuwa mmenyuko ungeachwa utulie wenyewe. Uwezo wa kufanya kazi umo katika huo umbali kutoka kwenye msawazo, yaani pale mmenyuko unapotulia. Acha mchanganyiko ufike msawazo: ATP chache zitakazobaki zitakuwa na bondi zilezile, nzima kabisa, na hazitasukuma hata protini moja. Kama nishati ilikuwa imefungiwa ndani ya bondi, imekwenda wapi?

Halafu kuna wale wanaodhani kimeng'enya huipasua ATP kisha kikadaka joto. Joto la nini? Seli ina jotoridi karibu moja kote, joto halina pa kuteremkia ili lifanye kazi. Heksokinesi, kimeng'enya kimojawapo, huihamisha fosfeti moja kwa moja hadi kwenye glukosi, maji hayaruhusiwi hata kuchungulia.

Umbali huo kutoka kwenye msawazo hudumishwa zaidi na mitokondria, kwa protoni zinazosukumwa upande wa pili wa utando wake kisha kurudi kupitia utando huo, na ATP ikitengenezwa. Mwanabiokemia Peter Mitchell alilipendekeza hilo mwaka 1961, akapingwa miaka mingi, akapata Nobel 1978. Na tafadhali msiniandikie tena kwamba glukosi moja hutoa ATP 38. Ni 30, labda 32, na kwa kuwa utando wenyewe huvuja protoni, sitamnyima alama atakayeandika "kama 30 hivi".